Jiwe la Kumnong'onezea Mshindani

Mtu anayelalamika hadharani kwamba amekula vizuri, amelala pazuri na bado hana raha, huyo ni riziki ya wengine. Isogai Shunpei alimsikia asubuhi moja nje ya stesheni kubwa ya Osaka, akaishukuru miungu yote aliyoikumbuka kwa majina.

"Ngome, Hirose ameshaipiga picha," alifoka mlalamikaji, Bwana Kuwabara, mwenye kiwanda cha achari huko Nagoya. "Mfereji wenye taa, Hirose ameshaupiga picha. Kyoto yote ameitungia mashairi, akatusomea kwenye kikao cha wafanyabiashara, na tukapiga makofi! Nimetoka kwangu nije kukanyaga nyayo za Hirose?"

"Hirose ana miguu mizuri," alisema mkewe, Sumie, akiendelea kula andazi lake.

Isogai alikuwa mtu wa makamo, mwenye masharubu yaliyochanwa na kofia ya kitani. Mkononi alivaa kitambaa cha kijani alichokishona mwenyewe, chenye maneno "Mlezi wa Mitaa". Hakuna aliyewahi kumuuliza nani alimteua. Osaka ukivaa kitambaa mkononi, watu hukuinamia kwanza, na maswali huwa wameshayasahau wakiinuka.

"Niwie radhi, bwana," alisema. "Sikukusudia kusikiliza. Uko mtaa mmoja..." Akaangalia viatu vyake. "Hapana. Nisamehe. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Niliapa."

Bwana Kuwabara alisogea. "Hirose anaujua?"

"Bwana wangu, hata watu wa Osaka hawaujui."

Hilo lilikuwa karibu na kweli. Mtaa wa Kagase haukuwa na cha kujulikana. Isogai mwenyewe aliujua kwa sababu siku moja alipitiwa na usingizi kwenye treni akazindukia huko. Alieleza kwamba walezi wa mitaa hawalipwi, hupokea mchango wa hiari tu, kisha akataja kiasi cha hiari hiyo.

Wakapanda treni, wakashuka. Isogai aliwapitisha kwenye uchochoro mmoja, kisha akawarudisha uchochoro uleule kwa kunong'ona, na mara ya pili Bwana Kuwabara alisisimka zaidi. Wakapita baiskeli, vyungu vya maua, fulana zilizoanikwa. Mwisho wakafika kwenye jiwe lililochongoka kando ya mtaro, refu kama mtoto wa chekechea.

"Enzi za majemadari," alisema Isogai, akivua kofia, "matajiri wa mji huu walikuja hapa kwa siri. Walilinong'oneza jiwe jina la mshindani wao. Basi. Kilichompata mshindani, vitabu havikuthubutu kuandika."

Bwana Kuwabara aliinama kwa shida akalinong'oneza jiwe. Hakunong'ona vizuri, jina la Hirose lilisikika hadi barabarani. Kisha mkewe akainama, akakaa hapo muda mrefu mno.

"Umemtaja nani wewe?" mumewe aliuliza.

"Mtu unayemfahamu."

Hapo mlango wa nyuma wa duka moja ukafunguliwa. Akatoka bibi mfupi mwenye aproni, dekio bichi mkononi. Alikuwa Bi Tatsuno, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, na kila asubuhi dekio lile alilianika juu ya jiwe lile. Aliwatazama wageni mbele ya jiwe. Akamtazama Isogai, kofia kifuani. Isogai alianza kupima kwa macho umbali wa kona ya karibu.

Bi Tatsuno akaficha dekio nyuma ya mgongo.

"Mmenong'ona na midomo mikavu?" aliuliza kwa ukali. "Nani kawaleta hawa? Jiwe lenye heshima kama hili halinong'onezwi kwa mdomo mtupu. Mnakula tofu kwanza, ya moto, mnanyamaza kidogo, ndipo mnasema. Hivi mlivyofanya ni sawa na kumpigia mtu simu kabla hajainunua."

Bwana Kuwabara aligeuka mwekundu. "Mlezi, mbona hukutuambia?"

"Mimi... hilo huachiwa mwenyeji," alisema Isogai.

Wakala tofu. Wakanunua nyingine ya kubeba. Bi Tatsuno akasema kwamba kwa desturi mlezi ndiye anayefagia mtaro wakati wageni wanakula, basi Isogai akafagia mtaro. Wageni walipoondoka kwa teksi, wameridhika kama watu waliorithi shamba, bibi akakunja mikono.

"Umesema enzi za nani?"

"Za majemadari, mama."

"Hilo jiwe ni la ukuta wa choo cha shule ya zamani. Nimesoma hapo. Nimwite polisi?"

"Hapana, mama."

"Basi Jumamosi lete wengine. Na hayo ya majemadari yaache, watu siku hizi wanasoma. Sema enzi za bibi yangu. Bibi yangu hayupo, hatakanusha."

Isogai alirudi mjini moyo ukimdunda kama kijana aliyekubaliwa posa. Miaka yote alifanya kazi peke yake, akila peke yake, akikimbia peke yake. Sasa alikuwa na mshirika, na mshirika mwenye kipaji. Walikubaliana vizuri: mchango wa hiari wake yeye, tumbo la mgeni mali ya mtaa.

Wageni wakaja. Walikuja watu wa Sapporo waliochoshwa na theluji, watu wa Tokyo waliochoshwa na Tokyo, na wote walitaka kitu kimoja: mahali ambapo majirani zao hawajafika. Jiwe likavishwa leso nyekundu shingoni, ingawa shingo yenyewe ilibidi kukisiwa. Mzee wa tambi, aliyekuwa ameshatangaza kufunga duka, akaanza kuuza tambi za ushindi, zilezile za zamani katika bakuli jipya. Kinyozi akaongeza kiti. Isogai akanunua kofia nyingine.

Ndipo Jumamosi moja akafika na kundi la walimu wastaafu. Kwenye mdomo wa uchochoro ilining'inia taa ya karatasi, na chini yake walisimama akina mama wa mtaa, wote na vitambaa vya kijani mikononi, vilivyoshonwa vizuri kuliko chake.

"Karibuni, walimu wetu," alisema Bi Tatsuno akiinama. "Kuanzia hapa tunawapokea sisi."

"Mama," alisema Isogai kwa sauti ya chini, "hawa ni wageni wangu."

"Na wewe ni mgeni wetu, kijana wangu. Kiongozi wako nani?"

"Kiongozi ni mimi!"

"Wa mtaa gani? Maana hapa huishi. Tumepiga kura kwenye kikao cha mtaa, na kanuni ni kanuni. Nilitaka nikuarifu, lakini anwani uliyonipa ni ya bustani ya wanyama."

Walimu wakamfuata bibi bila kugeuka nyuma. Isogai alibaki chini ya taa. Aliumia kama mtu aliyeibiwa mali yake halali, maumivu ambayo hakuwa na uzoefu nayo. Aligeuka aondoke, akageuka tena. Uongo ule aliutunga yeye, kwa kichwa chake, na kati ya uongo wake wote ndio pekee uliowahi kuota mizizi.

Akaingia uchochoroni akakimbia hadi kwenye jiwe, akapanda juu ya ndoo.

"Ndugu zangu, mnaingizwa mjini!" alipaza sauti. "Hili jiwe si kitu! Ni la choo cha shule! Hadithi nimeitunga mimi mwenyewe, Isogai Shunpei, na mimi ni tapeli, muulizeni yeyote! Sijawahi kusema neno la kweli mbele ya mgeni, ila leo nasema!"

Walimu walimwangalia, kisha wakamwangalia Bi Tatsuno. Bibi alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya mtu anayemwonyesha mgeni kaburi.

"Wanaotajwa huwa hivi," alisema. "Huyu alitajwa hapa na mshindani wake. Mnaona alivyobaki."

"Masikini," alisema mwalimu mmoja, akatoa kamera. Wengine nao wakatoa zao. Mwanamke mmoja akamwomba Isogai arudie ile sehemu ya choo, akiwa ameinua mkono kidogo, maana mwanga ulikuwa upande ule. Isogai akarudia. Walimpigia makofi ya adabu, na baada ya hapo mstari wa kunong'ona ukawa mrefu mara mbili.

Walipokwenda kula, Bi Tatsuno alimjia pale alipokaa juu ya ndoo, kofia mapajani.

"Umewatisha vizuri," alisema. "Yule wa nyuma alitetemeka. Unaweza kuja kila Jumamosi, saa kama hii? Fedha hatutakupa, kikao hakitakubali. Tofu ipo."

Isogai alifuta masharubu yake. Alitazama mtaro, jiwe na leso yake, na mvuke uliokuwa ukitoka jikoni kwa bibi.

"Ya kukaanga?" aliuliza.

"Ukilia kidogo, ya kukaanga."