Laptopu ya Rangi ya Geti

Jumatatu, 3 Juni. Miaka miwili, miezi minne na siku kumi na moja tangu nitoke nyumbani.

Leo nimekuwa mtu mwenye laptopu! Nimeipata kwa mlinzi wa kambi yetu ya wajenzi, nikampa redio yangu na buti zangu za akiba. Imechubuka kama goti la mtoto, lakini inawaka. Betri nusu.

Sababu ni hii. Karani wa stoo ameacha kazi. Msimamizi ametangaza kwamba anayetaka kiti chake alete orodha ya vitu vyote vya stoo kabla ya Jumamosi adhuhuri. Karani hukaa kivulini. Karani hupewa likizo na tiketi ya kwenda kwao kila mwaka. Sisi wapaka rangi tunaondoka mkataba ukiisha, na wangu bado miaka miwili. Mwanangu kitinda mimba nilimwacha hana jino hata moja. Sasa anaongea kwenye simu, na ananiita mjomba. Kwa hiyo kiti hicho ni changu.

Mpinzani ni mmoja tu. Tunamwita Vigae, ndiyo kazi yake, kama mimi ninavyoitwa Brashi, na analala kitanda cha chini yangu. Yeye alimaliza darasa la saba, mimi niliishia la tano. Lakini hana laptopu!

Kitu kilichochubuka hakipelekwi ofisini. Baada ya kazi nimekifanyia kama tunavyofanyia kila kitu kabla ya kupuliza rangi. Msasa. Kitambaa. Kisha tepu kila mahali pasipotakiwa rangi: kioo, vitufe, matundu yote ya ubavuni. Tabaka tatu, maana mimi si fundi wa kulipua. Kisha bluu iliyobaki tulipopaka geti, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Ilipokauka nikabandua tepu ya kioo na ya vitufe. Inang'aa! Ungeapa imetoka dukani leo.

Vigae kauliza kama ndiyo inaolewa. Wivu.

Jumanne, 4 Juni.

Mapumziko ya mchana nimeingia stoo, laptopu mkononi. Nimechapa kwa kidole kimoja: saruji, ndoo, koleo, misumari ya inchi tatu. Vitu arobaini na kimoja! Vigae alikuwa kona ya pili na daftari la mistari, anaandika kwa kalamu. Nilimhurumia. Nikamwambia mbele za watu kwamba siku hizi hata kuku wanahesabiwa kwa kompyuta. Watu walicheka. Wawili.

Jioni laptopu imezimika. Si tatizo, ndiyo maana kuna chaja. Plagi iligoma kuingia, nikaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikakaa. Kitu kigumu ni kitu imara. Taa haikuwaka. Nimesubiri saa nzima nikiitazama kama mgonjwa. Kimya. Na orodha yote imo ndani!

Nimeshagundua. Soketi ya chumba ni moja, watu ni sita, umeme unagawanywa. Kabla ya kulala nitachomoa simu zote tano za wenzangu. Umeme uje wote kwangu.

Jumatano, 5 Juni.

Simu zote zilizima. Sikufikiria kwamba ndizo zinazotuamsha. Watu sita tumelala mpaka jua likaingia dirishani, basi la kazini likaondoka bila sisi. Tumetembea kilomita saba, nami nimebeba ndoo za watano kama adhabu. Msimamizi ametukata nusu siku. Wenzangu wamesema maneno ambayo siwezi kuyaandika, moja likimhusu babu yangu.

Laptopu haijawaka. Soketi ni mbovu, sasa nina uhakika.

Alhamisi, 6 Juni.

Soketi nzuri kuliko zote kambini iko nyuma ya friji la jikoni. Nilichomoa friji asubuhi, nikaficha laptopu nyuma yake, nikaenda kazini napiga mluzi.

Maziwa ya watu themanini yameganda. Mpishi, ambaye wote tunamwita Shangazi hata wale waliomzidi umri, alinisubiri mlangoni na mwiko. Aliuliza kama nilizaliwa au nilimwagika tu. Nimesugua masufuria mpaka vidole vimekunjamana. Laptopu ilikuwa baridi kama nilivyoiacha.

Mke wangu amepiga simu. Nikamweleza yote. Akauliza kama nimechungulia kwenye lile tundu la kuchomekea, maana cherehani yake ikigoma huwa kuna uzi umeingia mahali. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, mama watoto, haya ni mambo ya kitaalamu, si uzi. Kisha akauliza kama awaambie watoto kwamba nakuja. Nikamwambia awaambie.

Ijumaa, 7 Juni.

Nimetambua adui. Ni Vigae! Nani mwingine anafaidika? Nimemkabili mbele ya chumba kizima kwamba ameichezea chaja yangu. Hakukasirika. Alisema tu, Brashi, chukua mzigo wako twende kwa Fundi Umeme. Nikaenda ili nimuumbue.

Fundi Umeme ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliipima chaja, akasema ni nzima kuliko mimi. Akaiinua laptopu kwenye mwanga. Akauliza nani kaipaka rangi. Nikasema mimi, kwa fahari. Akachukua sindano, akachokonoa ubavuni, akavuta. Kikatoka kipande cha tepu, kimekunjika, bluu upande mmoja. Kikafuata cha pili. Cha tatu akakivuta polepole kama anang'oa jino. Akaichomeka. Taa ikawaka papo hapo.

Vigae alikaa chini. Alicheka bila sauti, machozi yanamtoka. Fundi Umeme akaniuliza nilitarajia umeme upite wapi, dirishani?

Niliwaonyesha jambo ambalo hawakuliona: ndani ya tundu hapakuwa na tone la rangi. Hata moja! Hiyo ndiyo kazi safi.

Jumamosi, 8 Juni.

Nimemaliza orodha saa tano na nusu asubuhi. Vitu mia na tisa. Nimeingia ofisini kwa msimamizi nikiwa nimechana nywele. Akaisoma yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sawa, niletee karatasi. Karatasi gani? Orodha inabandikwa mlangoni mwa stoo, kila anayechukua kitu atie alama. Na hapa hakuna mashine ya kuchapisha. Nikamshauri tupige msumari tuitundike laptopu. Alidhani natania.

Kurasa saba za Vigae zilikuwa mezani kwake tangu Alhamisi. Mwandiko kama wa mwalimu. Amepewa kiti.

Nilimpa mkono. Akaniambia kwao hajaenda miaka mitatu, na mama yake macho yanaisha. Sikuwa najua. Tunalala kitanda kimoja cha ghorofa.

Nimempigia mke wangu. Hakusema nilikuambia. Afadhali angesema. Simu ikachukuliwa na yule mdogo, akauliza mjomba unakuja lini. Nikasema mtandao ni mbovu.

Jumapili, 9 Juni.

Mambo yamenyooka! Vigae ataenda likizo Septemba, na ameniombea kwa msimamizi nimshikie stoo mwezi mzima. Msimamizi amekubali, na amesema nikishika vizuri nami nitapata tiketi. Ameniomba jambo moja tu: nijizoeze mwandiko kwa kalamu. Nimeitikia. Ila yeye hajui ninachojua: kazi itafanywa na laptopu.

Stoo ina vumbi la saruji, na bluu ni rangi ya geti, si ya ofisi. Kwa hiyo leo nimeipiga laptopu nyeupe. Kabla ya hapo nimeziba matundu yote. Safari hii tabaka nne, ile tepu ya bei, ukingo umelala sawa na ubavu, hata mimi sioni imeanzia wapi. Betri ina asilimia tisa. Nitaichomeka rangi ikikauka.

Mke wangu ameuliza kama nimelikumbuka lile tundu. Nimemwambia ndilo nililoanza nalo.

Nimemwambia pia amwambie yule mdogo kwamba mjomba atafika tarehe ishirini Desemba.