Mita Moja ya Ziada

Jumatatu, 2 Juni

Na ijulikane: leo, saa nne na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na paka mmoja, nimekabidhiwa futi kamba ya kiwanda. Bosi anajenga ghala la vipande vya kuunganishwa. Vinatengenezwa kwenye karakana ya mbali kwa vipimo vyetu, vinakuja kufungwa kwa boliti hapa uani, kati ya chumba cha jenereta na ukuta wa jirani. Mimi, mtunza ghala, ndiye mpimaji.

Miaka kumi na sita naandika daftari chini ya ngazi. Kila kiatu kinachopanda kinanimwagia vumbi. Mlinzi wa getini, aliyeajiriwa juzijuzi, ana kibanda, dirisha na birika. Kila asubuhi ananiambia karibu ofisini, kaka mkubwa.

Nimeongeza mita moja kwenye vipimo, iwe chumba changu. Kiti, kitasa, heshima. Nani atajua?

Jumatatu, 14 Julai

Malori matatu! Vipande vinang'aa. Mlinzi kauliza kile chembamba cha mwisho ni cha nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema ahaa, choo.

Jumatano, 16 Julai

Balaa. Ghala linafika hadi ukutani kwa jirani, vinabaki vidole vinne. Fundi mkuu kanishika bega. Anasema mzee wangu, boliti hizi hukazwa kwa nje, sasa mkono niupitishie wapi, au niajiri mjusi? Nilipima ghala, sikumpima fundi.

Nikaenda kwa jirani, seremala, kumwomba tubomoe ukuta wake kidogo. Kajibu kwa upole kwamba anaikumbuka barua yangu ya mwaka jana, ile ya kulalamikia vumbi la randa. Anaikumbuka mpaka nukta ya mwisho.

Alhamisi, 17 Julai

Bosi kauliza nani alipima. Kila mtu akatazama viatu vyake. Hata jenereta likazima.

Fundi angeweza kunitaja. Kasema tu uzuri wa ghala la vipande ni kwamba linapunguzika: toa kile chembamba, rudisha ukuta wa mwisho nyuma, kesho kazi imekwisha. Bosi akaitikia bila kunitazama. Nimeponea chupuchupu. Mimi nimebaki, chumba kimeondoka.

Nyumbani, mke wangu kauliza: baba watoto, kwani ungeomba tu chumba ungekufa? Nimeliwaza sana hilo. Ukiomba, unakiri mbele ya mtu kwamba kuna kitu umekikosa. Ukipima kimyakimya, hata ukishindwa, hakuna aliyejua ulikuwa unakitaka. Sikumwambia. Nilisema chai imepoa.

Jumamosi, 19 Julai

Ghala limesimama. Zuri, nisiseme uongo. Fundi kaondoka na spana zake, na kati ya ghala na ukuta wa jirani pamebaki upenyo: mita moja na vidole vinne. Hauna mwenyewe!

Nimeingiza kiti na madaftari yote. Bati la kile kipande kilichotolewa ndilo mlango. Sikumwomba mtu, sikumuuliza mtu. Mlinzi alipopita nikamwambia karibu ofisini, mdogo wangu. Akatazama juu, akatabasamu, akaenda zake. Wivu mtupu.

Jumanne, 22 Julai

Mvua. Paa zima la ghala limeinamia upande huu.