Diplomati na Kamba ya Pepa

Katika Kalemie yote, kutoka bandarini hadi kituo cha reli, hakuna mwanamume aliyejua mambo ya kucha kumshinda Papa Zacharie! Alisema hivyo mwenyewe, na shahidi wa pili hajapatikana hadi leo.

Ujuzi huo, alidai, aliupata Pepa, nchi ya ng'ombe kule milimani, alikopunguza kwato za ng'ombe mia tatu. Kumbukumbu za familia zinakiri kwamba alifika Pepa. Alikaa siku kumi na moja, tisa kati ya hizo akiwa kitandani kwa mafua.

Jumamosi moja asubuhi ujuzi ule ukahitajika kweli. Mbwa wake, Diplomati, alimrukia mke wa Papa, Mama Claire, kwa furaha ya kumsalimu, na kwa kucha zilizopinda kama ndoana za kuvulia sangala akakipasua kikwembe, kitenge chake kipya cha kwaya. Hukumu ilitolewa palepale kizingitini.

"Papa, kamiyo ya kaka yangu inapanda Pepa saa sita. Kucha zikibakia vile, imbwa yako njo abiria wa kwanza!"

Papa Zacharie akashtuka. Diplomati alimsindikiza kila asubuhi hadi biro, ofisini kwake. Bila mbwa yule nyuma yake, angebaki karani kama makarani wengine.

"Mama, usisumbuke. Muntu mwenye aliangusha ngombe dume, atashindwa na imbwa?"

Akaleta kamba. Kule milimani, alieleza, ng'ombe huzungushiwa kamba mwilini, ikavutwa, naye hulala chini bila ubishi. Basi akamzungushia Diplomati kamba, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe kiunoni, ili mikono yote miwili ibaki huru kwa koleo ya kukatia waya!

"Papa Zacharie," aliuliza jirani yake Ruben, mvuvi, akiwa amening'inia juu ya ukuta, "hapo nani amefunga nani?"

"Wewe shona nyavu zako! Hii ni sayansi."

Koleo ikagusa ukucha. Mbuzi wa Ruben akakatiza uani. Sayansi ikaondoka mbio!

Mashahidi hawaafikiani kama Papa Zacharie aliuzunguka ua mara mbili au tatu. Kuhusu beseni la mihogo iliyolowekwa, hakuna mgogoro: aliingia kwa kichwa, akatoka mweupe kama ukuta wa misheni siku ya Pasaka. Kisha kidole gumba cha mguu kikakutana na jiwe, na yowe lake likawafikia wavuvi ziwani.

"Ngombe wa Pepa wanakimbiaka vile?" Ruben akataka kujua.

Honi ya kamiyo, lori la shemeji yake, ikalia barabarani. Papa Zacharie, angali kambani, akamkumbatia mbwa.

"Mama, nakuomba. Usimupeleke."

Mama Claire alimfungua Diplomati, akaketi kwenye kigoda, akampa ndakala mmoja mkavu, dagaa wa ziwani. Akaushika mguu wake taratibu, na kwa kikata-kucha kidogo cha nyumbani akaondoa ncha tu, kipande baada ya kipande, akiacha kabla ya kufikia nyama. Ukucha, ndakala. Ukucha, ndakala. Diplomati akaanza kusinzia!

"Mule ndani kuko damu," alisema. "Ukikata kidogo-kidogo, hasikie kitu."

Honi ikalia tena. Mama Claire akapunga mkono: kamiyo iende zake.

Ruben hakuridhika. "Mama, hii akili ulitoa wapi? Wewe pia ulifika Pepa?"

"Pepa? Hapana. Niko namukatia huyu Papa kucha, mwaka wa kumi na tano sasa. Yeye anaogopaka kikata-kucha."

Ukutani pakazuka kicheko ambacho Ruben alishindwa kukizuia hadi akaanguka upande wake. Mama Claire akamgeukia mumewe.

"Lete na ule muguu. Ukucha umepasuka."

Mwangusha-ng'ombe akafumba macho, akaunyosha mguu polepole.

"Mama," akanong'ona, "ndakala imebakia?"