Benite na Zahabu ya Babu Bahizire

Nyamazeni, nyinyi wa Mutakura munaouza makala ku barabara, na nyinyi wa Kinindo wenye mageti ya kufunguka yenyewe. Musogee, muweke simu chini, muache hata sufuria iungue: leo inasimuliwa vita kubwa iliyopiganwa mu saloni, kati ya viti vya kukodisha na makreti ya Fanta, na namna Benite, Mwenye-Sauti-ya-Sisimizi, mutoto ambaye mwalimu akiita jina lake ku darasa anainuaka kidole tu, aliingia mu historia.

Ilikuwa dot, sherehe ya mahari, ya dada yake Rosette. Majeshi mawili yalikaa yakiangaliana: huku ukoo wa Rosette, kule ukoo wa Fabrice, kijana Rosette alimupenda tangu iniversite mpaka akakonda. Ng'ombe zilikuwa zimekwisha kukubaliwa. Ikabaki watu kula. Ndipo akasimama tonton Vainqueur, mujomba wao, Simba wa Mikro, Mumwaga-Hotuba, ambaye hakuna bia iliyowahi kubaki baridi mbele ya maneno yake.

"Nyinyi muliokuja, mujue nyumba munaingia. Sisi ni watoto wa Bahizire, mwenye aliacha Usumbura kwa miguu, akavuka muto Rusizi, akaenda kuchimba zahabu ya Kamituga wakati dunia yote ilikuwa inaikimbilia. Mpaka leo hakurudi. Zahabu ilimupenda, ikamubakisha."

Upande wake ukapiga makofi. Lakini kule ng'ambo tante Odette, shangazi ya Fabrice, Nguzo ya Kamituga, mama mwenye kitambaa cha kichwa kirefu kuliko antene ya redio, hakupiga. Aliweka chupa chini polepole.

"Vainqueur, babu yetu sisi naye aliitwa Bahizire. Naye alitoka Usumbura, akakuja ku zahabu. Kaburi yake iko kwetu, mi ndiye ninaipalilia. Sasa kama ni yeye mumoja, hawa watoto ni ndugu. Tutamaliza Fanta, tutarudi kwetu."

Ee saloni ya Mutakura, ni nani atasimulia musiba wako? Nyuma ya pazia Rosette, mwenye alikuwa amevaa imvutano, nguo ya sherehe, kama malkia, akaanza kulia, wanja ikashuka mpaka ku kidevu. Macho yote yakamugeukia tonton Vainqueur. Ilibaki aseme tu kwamba ile habari haijui vizuri. Lakini jenerali gani anaacha zahabu yake mbele ya wakwe? Akapanguza jasho, akasema historia ni ndefu, akasema tena zahabu ni zahabu, kisha akamunongoneza Benite, mwenye alikuwa anagawia wageni vinywaji, alete vingine, adui wacheleweshwe kwanza.

Benite akaenda na plato yake ya kubebea chupa. Lakini hakwenda jikoni. Akageuka ku chumba cha bibi Caritas, mama ya Vainqueur, binti ya yule yule Bahizire, mwenye alikuwa amelala kwa sababu miguu ilimuvimba, na masikio yake hayafikaki tena saloni. Mu ukoo muzima wa wapiga-hotuba, hakuna mutu alikuwa amewaza kumuuliza. Benite akainama ku sikio la kuume, ile inasikiaka kidogo, akafyatua risasi yake ya kwanza.

"Bibi, baba yako alienda kweli ku zahabu?"

Bibi akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Alifika Uvira, ng'ambo ya Rusizi tu, tumbo ikamushika. Akarudi."

Kisha akaeleza yote. Majirani wa Bwiza, mutaa wake wa Usumbura, walikuwa wamechanga mbuzi ya kumuaga, na Bahizire aliikula mpaka mifupa. Sasa atarudi na uso gani? Basi akahamia kwa dada yake Buyenzi, yaani alivuka barabara moja. Muke wake akamufuata, Caritas akazaliwa pale, na pale pale, Vainqueur akiwa hajazaliwa bado, akamuzika baba yake. Majirani walikuwa wanamuona kila siku, wanamusalimia vizuri, halafu wanaendelea kusema yuko Kamituga. Nani anataka kusema mbuzi yake iliishia Uvira?

Benite akarudi. Ile kolido ilikuwa ndefu kuliko safari ya babu yake. Akasimama kati ya majeshi mawili. Tonton Vainqueur akamufanyia ishara amimine. Benite akatazama chini ya pazia, akaona viatu vya Rosette vimegeuka, vinataka kuondoka.

"Babu yetu hakuenda."

Sauti ilitoka kama simu inakaribia kuzima. Tante Odette akamuomba arudilie. Ndipo ile sauti, iliyokuwa imewekwa akiba tangu azaliwe, ikatoka yote.

"Hakufika Kamituga. Aliishia Uvira, akarudi, akaishi Buyenzi, bibi Caritas akamuzika pale. Bahizire yenu ni mwingine."

Tante Odette ndiye alianza kucheka, kisha nyumba yote ikamufuata. Nyuma ya pazia kikasikika kilio kingine, cha furaha. Tonton Vainqueur peke yake akakimbilia mulango wa mama yake, kumuuliza juu ya nini hakumuambia miaka hii yote. Jibu likafika mpaka saloni, maana mutu asiyesikia vizuri anasemaka kwa nguvu:

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaongea."

Hivyo ndivyo zahabu ya Kamituga ilianguka, na ndoa ikasimama. Tonton akarudi, akajikohoza, akamukumbusha Benite kwamba glasi zinamungoja jikoni. Lakini tante Odette alikuwa amekwisha kusogea, anapigapiga kiti cha pembeni yake, kiti cha wazee.

"Huyu atakaa hapa."

Iandikwe basi, na watoto wa watoto wasome: siku ile, mu Mutakura, musichana wa plato alikaa ku mustari wa mbele mbele ya majenerali wote, na tonton Vainqueur mwenyewe, Simba wa Mikro, akamumiminia Fanta. Ilikuwa ya moto. Benite akaikunywa yote.