Kiti cha Marehemu na Nanaa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe ametangaza kwamba Jumapili ataamua nani apewe kiti cha marehemu baba mkwe. Kiti kile cha mbao chenye mikono mipana, ambacho mtu akikikalia anaonekana ana mawazo mazito. Waume wa binti zake tuko wawili: mimi, karani wa masjala, niliyemwoa mkubwa, na mwanyumba wangu, fundi umeme, aliyemwoa mdogo. Kwa haki kiti ni changu. Mimi ndiye niliyetangulia kuoa, na mwanyumba hana mawazo mazito.

Nimefanya utafiti. Nilimuuliza mke wangu, juujuu tu, mama yake anapenda nini. Akasema marehemu alikuwa akimpikia mama shira ya pasheni na nanaa, anaitia kwenye chupa, na kila jioni anamchanganyia vijiko viwili kwa maji baridi. Tangu afariki hakuna aliyeipika. Kisha akataka kujua kwa nini nauliza. Nikasema basi tu.

Nitaipika mimi. Mwanyumba kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Juni

Pasheni nimepata sokoni. Nanaa ya sokoni imenyauka na inanuka mfuko. Nanaa nzuri naijua mahali pamoja: kwenye debe lililo nje ya dirisha la jiko la mama mkwe. Marehemu ndiye aliyeipanda. Mimi hupita pale kila asubuhi kumwamkia kabla ya kwenda kazini. Nikamwamkia, akaitikia, akageuka kuipua birika, nikachuma vijiti kumi. Huo si wizi. Ni mali ya familia imehama upande mmoja wa familia kwenda mwingine.

Jioni nikapika. Maji ya pasheni, sukari na nanaa, vyote pamoja, moto mkali. Nikaenda sebuleni kupima mahali pa kuweka kiti. Nilipoamua (karibu na dirisha, kikitazama mlango), shira ilikuwa imeshakuwa jiwe. Mke wangu alishika mwiko, akauvuta, sufuria nzima ikainuka nao. Alikwenda kuazima sufuria kwa jirani.

Jumatano, 5 Juni

Vijiti kumi na vitano zaidi. Safari hii moto mdogo, na sikubanduka jikoni. Nanaa ilichemka saa nzima. Shira ikawa nzito vizuri, ila ina rangi ya maji ya kupigia deki na ladha ya dawa ya meno.

Muuza matunda amenieleza kuwa nanaa haichemshwi. Shira ikiiva unaipua, ndipo unatia majani, unafunika mpaka ipoe, unachuja. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikamwambia nilikuwa najua, nilikuwa namjaribu tu.

Habari mbaya. Mama mkwe amegundua kwamba nanaa yake inaibwa. Mke wangu anasema alilia. Mwanyumba ameshajitolea kufunga kengele pale dirishani. Kujipendekeza tu. Nikaenda mbio kujitolea kuongoza uchunguzi, maana karani wa masjala anajua kutafuta kitu kilichopotea. Mama mkwe alinishukuru mpaka nikaona haya. Ilipita upesi.

Alhamisi, 6 Juni

Nyuma ya ofisi kuna ukuta wenye unyevu. Nikaokota konokono sita, nikawatia kwenye bahasha ya kaki. Mkuu wa masjala aliuliza ni faili gani hilo. Nikasema nyaraka za siri. Bahasha ikaanza kusogea juu ya meza. Alirudi ofisini kwake bila swali la pili.

Jioni niliwapanga konokono ndani ya debe, nikamwita mama mkwe aje amwone mwizi. Akawatazama kwa muda mrefu. Akasema hajapata kuona konokono anayevunja vijiti kwa unadhifu namna ile. Nikamweleza kwamba kuna konokono na konokono. Mwanyumba alikuwa juu ya ngazi anafunga kengele yake. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Jumamosi, 8 Juni

Nilisahau kuwaondoa konokono.

Kwa siku mbili wamefanya kazi waliyosingiziwa. Debe zima limebaki na vijiti vitano. Roho iliniuma kweli, nikasimama pale nikiangalia udongo mtupu aliouchimba marehemu kwa mikono yake. Kisha nikachuma vyote vitano, maana kuacha viwili kusingemsaidia mtu. Kengele haikulia. Mwanyumba alikuwa bado hajaiunganisha waya.

Nikapika kama nilivyoelekezwa. Imetoka! Rangi ya dhahabu, na harufu imejaa mpaka uani. Mke wangu alionja kwa ncha ya kijiko, akaonja tena. Akasema hii ndiyo ya baba. Machozi yakamlengalenga. Halafu akauliza nanaa nimeitoa wapi, nikasema sokoni. Akaniambia kama nina neno la kumwambia mama yake, nimwambie kabla ya kesho. Sikuelewa alikuwa na maana gani.

Jumapili, 9 Juni

Sote sebuleni kwa mama mkwe. Kiti katikati, kimefutwa vumbi. Mwanyumba alikuja mikono mitupu, ana bisibisi tu mfukoni, akapiga magoti kukaza mguu wa kiti uliolegea. Mimi nilikuja na chupa niliyoifunga utepe.

Mama mkwe akachanganyiwa glasi. Akanywa. Akafumba macho, akakaa hivyo, na mimi nikaanza kukitazama kiti kwa jicho la mwenye mali.

Alipofumbua macho akasema nanaa ile marehemu aliitoa kwao, haiko kwa mtu mwingine yeyote. Akasema marehemu naye alikuwa haombi. Alikuwa anachuma tu, tena kwa fujo, ila akiulizwa alikuwa anasema, “Ni mimi, mke wangu,” na mambo yanaisha. Akaweka glasi chini. Akaniuliza taratibu, kama vile ndiyo kwanza analiwaza jambo hilo, ni nani anayechuma nanaa yake.

Watu wote wakanigeukia. Mke wangu alinikanyaga mguu. Hata mimi niliona kwamba mama mkwe ananisaidia.

Nikasema konokono.

Mama mkwe akauliza kama konokono hao wanajua na kupika. Mwanyumba ikambidi atoke nje kucheka. Aliporudi akapewa kiti. Akasema kwake hakuna hata nafasi, lakini hawezi kumvunja moyo mama. Akaondoka nacho kichwani.

Chupa alibaki nayo mama mkwe. Nilipokuwa getini niligeuka, nikamwona dirishani anajimiminia ya pili. Alikuwa peke yake, na alikuwa anatabasamu.

Jumatano, 12 Juni

Nimepewa adhabu ya kumwagilia debe kila asubuhi mpaka nanaa irudi. Mama mkwe anatoka na kuhesabu machipukizi kwa sauti. Leo ni manane. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwa moyo mmoja kwamba nimejifunza kusema kweli. Akaridhika, akaingia ndani.

Nimelitafakari kosa langu na nimeliona. Nanaa ina harufu ya kujulikana, na debe ni moja. Mchaichai wake, kule nyuma ya bafu, ni kichaka kizima na hakuna anayehesabu majani. Shira imebaki robo chupa. Ikiisha atataka nyingine, na kuna meza ya marehemu ambayo bado haijapata mwenyewe.

Nimeshakata majani machache ya kufanyia majaribio. Konokono nimewaokota tena debeni, wako kwenye droo yangu ofisini. Nawalisha kabichi.