Ukuta wa Kuficha Mgongo

Jumatatu, 9 Oktoba
Nimechoka na Muzee Kambere! Jirani gani huyu wa ng'ambo ya barabara? Jumamosi niliwaambia watu wa salongo, kazi ya pamoja ya usafi, kwamba mgongo unanikatika, siwezi kufagia avenue wala kuzibua mifereji. Wakanipa pole. Kumbe Kambere alichungulia juu ya ukuta wetu mfupi akaniona, nikicheza muziki uani kwa kiuno chote. Leo amemweleza Mama Charline, shefu wa avenue yetu hapa Ndosho. Mama Charline amesema akisikia tena habari kama hiyo, nitafanya salongo peke yangu, watu wote wakitazama. Mimi, baba wa watoto watatu! Dawa ni moja: kloture, huo ukuta wetu, iende juu.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimepanga mawe tangu asubuhi. Ukuta sasa umenipita kabisa. Raha! Laurence, mke wangu, ameuliza kama mgongo huu unaobeba mawe ya volkano ndio ule uliokataa ufagio. Nimemjibu kwamba ni mazoezi ya kujitibu. Ameingia ndani akicheka. Sikukipenda kicheko kile.

Jumatano, 11 Oktoba
Ajenti wa Urbanisme, ofisi ya serikali ya ujenzi, amefika na metre mkononi. Nani kamwita? Simtaji mtu, lakini Kambere alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai, amevaa kama anakwenda misa. Ajenti amesema kloture isipite metre mbili bila otorizasio, yaani kibali. Yangu imepita. Atarudi Ijumaa, na ikiwa bado ndefu itabomolewa. Nikauliza anapima kuanzia wapi. Akasema kuanzia chini, upande wa barabara.
Kuanzia chini! Hajui anaongea na nani.

Alhamisi, 12 Oktoba
Ukuta haushuki. Basi chini ipande! Nimeazima chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nimemwaga mawe na changarawe nje ya ukuta, nimeshindilia kwa miguu. Nimezidisha makusudi, ajenti asipate la kusema. Avenue nzima imepita ikinisalimu. Nilikuwa nikiwajibu nimeshika kiuno, wajue naumwa.

Ijumaa, 13 Oktoba
Ajenti amepanda juu ya lundo, amepima. Metre moja na kidogo! Amekuna kichwa, amekwenda zake. Nimeshinda!
Jioni nikafungua muziki, nikajiachia uani. Nikasikia mtu anakohoa juu yangu. Kambere! Ameweka kiti juu ya lundo langu, viwiko juu ya ukuta wangu, chai mkononi. Eti: "Papa Sebahire, aksanti kwa kututengenezea balkoni. Na mugongo, iko inaendelea muzuri?"
Nikalala chini palepale, nikaanza kulia kwa maumivu. Nilichelewa. Kwenye kiti cha pili alikuwa Mama Charline.

Jumamosi, 14 Oktoba
Salongo. Mama Charline ametangaza kazi ya leo: kuondoa lundo la Sebahire barabarani. Mfanyakazi: Sebahire. Wengine wote wakakaa kivulini na karanga zao. Kila nilipopunguza lundo, ukuta ukarefuka. Ajenti naye akaitwa. Akapima, akasema ubomolewe. Na nani? Na mimi! Mawe mapya yakaanguka pamoja na ya zamani, sasa ukuta unanifika magotini. Watoto wangu walikuwa wanatazama. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu mgongo unauma kweli, na safari hii hakuna hata mmoja aliyesema pole.

Jumapili, 15 Oktoba
Sikwenda misa. Laurence amenikanda kwa maji ya moto, kisha akanilaza kwenye mkeka uani. Nimelala pale kama gunia la mihogo. Nikageuza kichwa, nikatazama upande wa Kambere. Simwoni! Na kama mimi simwoni, yeye ataniona vipi?
Nimekaa nikafikiri. Sheria imekataza kwenda juu. Kwenda chini, nani kakataza? Nikiuchimba ua huu mpaka nizame mimi na redio yangu, Kambere atabaki kutazama mawingu. Laurence amesema chini ni lava tupu. Lava ni nini? Jiwe tu!
Nimejikokota mpaka kwa Kambere kuazima nyundo yake kubwa. Amenipa mara moja, hakuuliza hata ya kazi gani. Ameuliza tu nitaanza kesho saa ngapi. Nimemwambia saa mbili.
Maskini muzee, hashuku kitu.