Yai Langu la Siki

Ijumaa, 23 mwezi wa Hamal
Siku nne hadi Idi. Safari hii Jumagul mwoka mikate atakiona cha mtema kuni! Idi tatu mfululizo tumegonganisha mayai, na tatu zote langu ndilo limepasuka. Sheria ya mkahawa wetu wa chai: aliyeshindwa husimama kwa heshima kila mshindi anapoingia, mpaka Idi nyingine. Jumagul huingia mara tisa kwa siku. Mara nyingine hutoka makusudi ili aingie tena. Magoti yangu yamekwisha. Mimi Shirdel, niliyemwangusha fahali! (Alikuwa mgonjwa. Lakini fahali ni fahali.)

Jumamosi, 24 Hamal
Mjukuu wangu Zarmina anasoma biolojia kwa sauti. Eti kwenye ute wa yai mna protini. Nyuzi ndefu, zimejikunja, na kila moja kazi yake iko kwenye mkunjo wake. Hii hubeba hewa kwenye damu, ile husaga chakula tumboni, nyingine hukaza misuli. Ukichemsha yai, mikunjo inafumuka, nyuzi zinashikana ovyo, ute unakuwa mgumu. Haurudi tena! Nikauliza kama kuna njia nyingine mbali na moto. Akasema hata siki. Basi! Moto pamoja na siki, si litakuwa jiwe? Akaanza, lakini Babu, siki inakula gan... Nikamkatiza. Shule haifundishi watoto kunyamaza.

Jumapili, 25 Hamal
Nimechemsha yai tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha nikalizamisha kwenye mtungi wa siki ya zabibu. Mapovu yakapanda! Nguvu inaingia, naiona kwa macho yangu. Mke wangu Qandi akauliza siki yake ya achari imekwenda wapi. Nikasema labda paka. Nimeukalia mtungi.

Jumatatu, 26 Hamal
Sifunui. Nguvu isije ikatoka. Nimemtumia Jumagul salamu kwamba aanze kufanya mazoezi ya kusimama. Akajibu kwamba yeye hana haja, mwalimu wake wa kusimama ni mimi, ananitazama kila siku. Mshenzi.

Jumanne, 27 Hamal. Idi!
Nimetoa yai. Ganda halipo! Lililobaki ni laini, linateleza, ukilibonyeza linarudi. Nikafahamu mara moja: limeota ngozi. Ngozi ya shujaa.

Mkahawani wote wamevaa nguo mpya. Jumagul akagonga. Langu likabonyea, halikupasuka. Nikapiga ukelele wa ushindi! Jumagul akasema, “Baba Shirdel, siku ya Idi unaleta yai uchi? Livishe hata kilemba!” Watu wakaangua kicheko. Akagonga tena. Yai likaruka mkononi, likadunda mara mbili sakafuni, mbwa akalidaka. Naderqul mwenye mkahawa akatoa hukumu: asiye na ganda hana cha kupasua, na aliyeliwa na mbwa ameshindwa. Hukumu ya upendeleo! Halikupasuka! Mbwa mwenyewe alilimeza zima.

Nimesimama mara sita kabla ya adhuhuri.

Jumatano, 28 Hamal
Zarmina ameeleza tena, polepole, kama anazungumza na punda. Ganda si protini, ni kama chaki, na siki huiyeyusha chaki. Protini ngumu zipo kwingine, akasema: pembe, kwato, kucha, nywele. Mengine sikuyasikiliza. Nilishapata nilichotaka. Kuku akila protini ngumu, atataga nini? Yai gumu! Mbuzi wangu hana pembe. Nikachukua mkasi.

Alhamisi, 29 Hamal
Ndevu zangu zote nimezikatakata kwenye pumba. Kuku alizitazama, akanitazama, akaondoka. Atazizoea. Qandi alipiga kelele akidhani mwanamume mgeni ameingia ndani, akanipiga na mwiko.

Lakini sikiliza! Nimekwenda mkahawani. Jumagul akaingia. Nikabaki nimekaa. Akanipita, akaniambia, “Karibu, mgeni,” akaketi. Mara nne ameingia, mara nne sikunyanyuka! Naye anamuuliza kila mtu yule mzee Shirdel kajificha wapi.

Kuku hajala hata unywele mmoja, na protini tayari inafanya kazi.